Kufunga kikinga upepo kwenye pikipiki ya zamani: mambo ya kujua kabla fundi hajashika spana

Msikilizaji wetu, miezi ya baridi ikiingia huku Nyanda za Juu Kusini, maswali ya pikipiki tunayopokea hubadilika. Wakati wa masika tunaulizwa juu ya tairi na matope. Kuanzia Juni tunaulizwa juu ya upepo. Madereva wa bodaboda wanaotoka Makete kwenda Njombe alfajiri, walimu wanaoishi mbali na shule, mabwana shamba, wauza maziwa, wote wanauliza jambo lilelile: je, tunaweza kufunga lile kava dogo la mbele, lenye kioo juu ya taa, kwenye pikipiki ambayo haikuja nalo kiwandani?

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Kwa pikipiki nyingi za zamani zenye taa ya duara, kama Honda CG 125 au Yamaha AG 100, kazi yenyewe si ngumu, na fundi makini anaweza kuimaliza kwa nusu siku. Lakini kifaa hiki hukaa karibu na usukani. Kikifungwa vibaya kinaweza kuzuia usukani kukata kona, kuvuta waya wa eksileta, au kuifanya pikipiki itikisike ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo leo tunaeleza kwa utaratibu: kifaa hiki kinafanya nini, unachaguaje, unafungaje, na unapimaje kabla ya kumpakia abiria.

Katika makala hii tutakiita kikinga upepo. Mafundi wengine hukiita kava la mbele, wengine kioo cha mbele. Kitu ni kilekile.

Upepo unafanya nini kwa dereva

Ukiwa umesimama, upepo unaokupiga ni ule wa asili tu. Ukianza kwenda, unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na nguvu yake haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo kwenye kifua huongezeka mara nne. Maana yake, upepo unaokusukuma ukiwa kilomita 60 kwa saa ni mara nne ya ule wa kilomita 30. Ukifika 90, ni mara tisa.

Jambo la pili ni baridi. Upepo huondoa joto la mwili haraka. Kwa hesabu wanazotumia wataalamu wa hali ya hewa, hewa ya nyuzi 10 ikikupiga kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huisikia kama nyuzi 5 hivi. Asubuhi za Juni na Julai, sehemu ambazo sakitu huanguka, hali ni mbaya zaidi ya hapo. Vidole hufa ganzi. Dereva mwenye vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki, na kuchelewa kidogo tu kwenye mteremko wenye kona ni jambo kubwa.

Jambo la tatu ni uchovu. Mtu anayesukumwa kifuani kwa saa nzima hujishikilia kwenye usukani kwa nguvu bila kujua. Mabega huchoka, shingo huuma, akili nayo hupungua wepesi.

Kikinga upepo kidogo hupunguza mambo haya matatu, hasa kifuani na tumboni. Hakiyamalizi. Mikono bado itapigwa na upepo, kwa hiyo glovu bado unazihitaji. Macho bado yatapata vumbi na wadudu, kwa hiyo kofia ngumu yenye kioo chake bado ni lazima. Na tuseme wazi jambo moja ambalo wauzaji hupenda kulikuza: usinunue kifaa hiki ukitegemea kuokoa mafuta. Kwa mwendo wa kawaida wa bodaboda, mafuta mengi huenda kwenye uzito, milima, barabara mbovu na kusimama mara kwa mara. Tofauti inayoletwa na kipande kidogo cha plastiki ni vigumu hata kuiona kwenye tangi.

Fundisho kutoka kwa wenzetu wa zamani

Wazo la kumkinga dereva wa pikipiki dhidi ya upepo si geni. Ulaya, katika miaka ya 1950, pikipiki za mashindano zilifunikwa mbele yote, mpaka gurudumu la mbele likawa ndani ya kava. Zilikwenda kasi sana, lakini upepo wa ubavuni ulipopiga, zilikuwa ngumu kuzuia. Shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki lilizipiga marufuku mwishoni mwa mwaka 1957. Tangu hapo gurudumu la mbele la pikipiki ya mashindano ya barabarani likaachwa wazi.

Baadaye watengenezaji walileta vikinga vidogo kwa ajili ya watu wa kawaida. Mwaka 1973 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya R90S ikiwa na kikinga kidogo kilichofungwa tangu kiwandani, kikizunguka taa na saa za mbele. Leo hata pikipiki ndogo nyingi zinazouzwa madukani kwetu huja na kijikava juu ya taa.

Fundisho kwetu ni moja: kava kubwa linalonasa upepo wa ubavuni ni hatari kuliko baridi yenyewe. Kwa pikipiki nyepesi ya cc 100 hadi 150, chagua kidogo.

Kabla ya kununua, iangalie pikipiki yenyewe

Pikipiki ya zamani ina uchovu wake. Kikinga upepo hakiponyi ugonjwa wa usukani, kinauonyesha. Kama pikipiki inatikisika kidogo sasa, ikifungwa kitu kinachopokea upepo mbele itatikisika zaidi.

Fanya hivi. Isimamishe kwenye stendi kubwa, mtu mmoja akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika shokapu za mbele kwa chini, zivute mbele na kuzisukuma nyuma. Ukisikia mgongano au kuona nafasi, bolingi za usukani zimelegea au zimekwisha. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unakwama katikati, kama unaingia kwenye kijishimo, bolingi zimeliwa. Halafu shika gurudumu la mbele juu na chini, ulitikise kwa ubavu. Likicheza, angalia bolingi za gurudumu.

Angalia pia tairi la mbele kama limeisha upande mmoja, spoku kama zimelegea, na shokapu kama zinavuja. Ukikuta tatizo lolote kati ya haya, pesa ya kikinga upepo itumie kwanza huko. Tunasema hivi tukijua baridi inauma, lakini usukani unaocheza hauna mjadala.

Na kama pikipiki ni ya mkataba, zungumza na mwenye chombo kwanza. Mpaka umalize mkataba, chombo ni chake, na matundu yaliyotobolewa bila ruhusa yameshaleta ugomvi mwingi. Habari njema ni kwamba njia tunayoeleza hapa haitoboi chuma cha pikipiki hata kidogo. Tunatoboa plastiki ya kikinga tu, na siku ukitaka kukiondoa, pikipiki inabaki kama ilivyokuwa.

Uchague cha namna gani

Kwa pikipiki yenye taa ya duara, kikinga kinachofaa kina upana wa sentimita 35 hadi 45 hivi. Upande wa chini hukumbatia taa, upande wa juu hupanda na kulala kidogo kuelekea kwa dereva. Kikae ndani ya mikono ya usukani, kisiguse klachi wala breki.

Urefu wake una kanuni rahisi. Ukikaa kwenye siti kama kawaida, utazame barabara juu ya ukingo wa kioo, usiitazame kupitia kwenye kioo. Kioo cha plastiki huchubuka haraka kwa vumbi letu. Usiku taa za lori zikipiga kwenye michubuko, unaona ukungu mweupe tu. Kwa hiyo ukingo wa juu uishie kifuani au chini kidogo ya mabega. Hiyo inatosha kurusha upepo juu ya tumbo na kifua.

Kuhusu kilichotengenezea, haya ndiyo utakayokutana nayo:

Akriliki. Ni angavu na huuzwa kwa karatasi kwenye maduka ya vioo na mabango. Ubaya wake, hupasuka kwa urahisi wakati wa kutoboa, na ikivunjika hutoa vipande vyenye ncha kali.

Polikabonati. Ni ngumu zaidi kuvunjika na hupinda kabla ya kupasuka. Huchubuka kwa urahisi, na haipatani na petroli. Unene wa milimita 3 unatosha.

Faibaglasi. Haionyeshi upande wa pili, lakini hurekebishika ikipasuka. Vikinga vya zamani vingi vilitengenezwa hivyo. Kingo zake zipigwe msasa vizuri, na unapopiga msasa funika pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake huwasha na ni baya kwa mapafu.

Plastiki ya dumu au pipa. Watu vijijini wanaitumia, na hatuibezi. Ni nyepesi, haitoi vipande vikali, na haina gharama. Ubaya wake ni kwamba ni laini, kwa hiyo ikatwe ndogo na ishikwe sehemu nne, la sivyo itapigapiga kama bendera. Rangi pia haishiki juu yake.

Vitu viwili tunavikataa kabisa. Cha kwanza ni bati. Ukingo wa bati mbele ya kifua na shingo ya mtu anayeweza kurushwa mbele ni kisu kinachosubiri. Cha pili ni kioo cha dirisha, na sababu haihitaji maelezo.

Kanuni kuu ya kufunga

Kama utasahau yote, kumbuka hili: sehemu zote zinazoshika kikinga lazima zigeuke pamoja.

Mbele ya pikipiki kuna sehemu za aina tatu. Kuna zinazogeuka na usukani: usukani wenyewe, taa, masikio ya taa, na sehemu ya juu ya shokapu. Kuna zisizogeuka: tangi na fremu. Na kuna zinazopanda na kushuka: sehemu ya chini ya shokapu, madigadi na gurudumu.

Ukifunga pointi mbili kwenye taa na mbili kwenye usukani, zote zinageuka pamoja, hakuna shida. Lakini ukifunga juu kwenye usukani na chini kwenye fremu, umefunga usukani wako kamba. Ukifunga chini kwenye madigadi, shimo la kwanza la barabarani litapasua kikinga au kukirusha juu.

Dereva mmoja wa bodaboda alitueleza yaliyompata baada ya kufungiwa kava na kijana aliyekuwa na haraka. Chini lilishikwa kwa waya kwenye bomba la fremu. Pale gerejini usukani uligeuka kidogo, wakaona inatosha. Alipofika kwenye kona ya mteremko, usukani ulifika nusu ukagoma. Alitoka barabarani akaangukia kwenye shamba la mahindi. Alipona na mchubuko wa goti. Upande wa pili wa barabara ile ni korongo.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: weka alama ya taa. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani jioni, washa taa, na weka alama ya chaki mahali mwanga unapopiga. Weka alama pia chini mahali gurudumu la mbele liliposimama. Taa ikisogezwa wakati wa kufunga, alama hizi zitakusaidia kuirudisha. Taa iliyoinuka hupofusha wanaokuja, na iliyoshuka haikuonyeshi shimo.

Hatua ya pili: tengeneza mfano wa boksi. Kata boksi gumu kwa umbo unalotaka, lishike kwa tepu mahali pake, kisha geuza usukani pande zote mbili hadi mwisho. Angalia boksi linagusa nini. Kaa kwenye siti, angalia kama saa ya mwendo inaonekana na kama unaona barabara juu ya ukingo. Kurekebisha boksi hakuna gharama. Kurekebisha akriliki iliyokwisha katwa ni hasara.

Hatua ya tatu: pata vishikio. Unahitaji vinne. Viwili vya chini ni vipande vya chuma bapa, upana wa sentimita 2 na unene wa milimita 3, vinavyoingia kwenye bolti zilezile zinazoshika taa kwenye masikio yake. Kama bolti inakuwa fupi baada ya kuongeza chuma, nunua ndefu zaidi yenye uzi uleule. Usilazimishe. Viwili vya juu ni klampu zinazozunguka bomba la usukani. Weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya klampu na bomba ili isiteleze na isichubue.

Hatua ya nne: kata na utoboe. Chora umbo la boksi juu ya plastiki. Kata kwa msumeno wa meno madogo, polepole, usiiache ipate moto. Kabla ya kutoboa, bandika tepu mahali pa tundu na uweke ubao chini yake. Anza na drili ndogo, kisha ongeza. Zungusha polepole bila kukandamiza, hasa mwishoni inapotaka kutokea upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo akriliki hupasuka. Tundu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 2 hivi. Plastiki hutanuka juani na kusinyaa usiku. Tundu likiibana bolti, ufa utaanzia pale.

Kisha piga tupa na msasa kingo zote mpaka ziwe laini na mviringo. Pitisha kidole. Kikikwaruzwa, bado.

Hatua ya tano: funga kwa mpira. Kila bolti iwe na washa ya mpira mbele na nyuma ya plastiki, kisha washa pana ya chuma juu ya mpira. Kata washa za mpira kwenye tyubu kuukuu. Injini za silinda moja zina mtetemo mkali, na mpira ndio unaouzuia usifike kwenye plastiki. Tumia nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea zenyewe. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea kidogo, kisha acha. Anayekaza kwa nguvu zote anapasua kazi yake.

Hatua ya sita: angalia waya. Waya wa klachi, wa eksileta, wa breki, wa saa ya mwendo na zile za umeme zote hupita eneo hilo. Zisibanwe, zisikunjwe kwa ghafla, zisiguse ukingo wa plastiki. Acha nafasi ya angalau upana wa kidole. Waya wa umeme unaosuguliwa kila siku huchubuka, na siku moja taa itazimika ukiwa katikati ya msitu.

Vipimo vya lazima kabla ya kuondoka gereji

Usikubali kuambiwa tayari mpaka uone vipimo hivi kwa macho yako.

Usukani. Geuza hadi mwisho kushoto na kulia. Ufike palepale ulipokuwa unafika kabla ya kufunga, bila kugusa kitu. Kikinga kisiguse tangi, wala mikono yako isibanwe kati ya kikinga na usukani.

Shokapu. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani chini kwa uzito wako wote. Kitu chochote kisigusane.

Eksileta. Washa injini ingurume polepole ikiwa haijaingizwa gia. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini usibadilike. Ukipanda upande mmoja, waya wa eksileta unavutwa. Hiyo maana yake ukikata kona pikipiki itajiongezea moto yenyewe. Rekebisha hapohapo.

Klachi na breki. Vibonyeze na uviachie usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Virudi vyenyewe kila mara.

Taa na indiketa. Rudi kwenye alama za ukutani. Kisha mtu asimame mbele, kushoto na kulia, aone kama taa na indiketa zote zinaonekana bila kuzibwa. Askari wa usalama barabarani ataangalia hilo, na hata asingeangalia, mwenye lori anayekuja ana haki ya kukuona.

Injini. Pikipiki hizi hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya injini. Kikinga kiishie kwenye taa, kisishuke kuziba hewa hiyo.

Jaribio la barabarani

Jaribu mchana, barabara kavu, isiyo na watu wengi, bila abiria wala mzigo. Anza kilomita 30 kwa saa, kisha 40, kisha 50 na 60, ukisikiliza na kuhisi kila hatua. Kelele ya kugonga ina maana bolti moja imelegea. Kioo kikitetemeka, ongeza mpira au punguza ukubwa. Kofia ikitikiswa na upepo kuliko zamani, ukingo wa juu unaurusha upepo moja kwa moja kwenye kichwa. Ukilaze kioo nyuma kidogo, au ukipunguze urefu kwa sentimita chache. Kuacha nafasi ndogo kati ya kioo na taa pia husaidia, kwa sababu hewa hupita na kupunguza mvurugiko nyuma ya kioo.

Usukani ukianza kutikisika kushoto na kulia, usifunge breki kwa ghafla na usikakamae. Shika usukani kwa utulivu, punguza mafuta taratibu, acha mwendo ushuke wenyewe. Ukisimama salama, ondoa kikinga na ukaguzi uanze upya kwenye bolingi na tairi. Usirudi nyumbani kwa kubahatisha.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, pitia bolti zote kwa spana. Barabara za changarawe hulegeza kila kitu. Baadaye fanya hivyo kila unapobadilisha oili.

Upepo wa ubavuni na mzigo wa nyuma

Wanaopita Makambako wanaujua upepo wa pale. Barabara kuu ya kwenda Mbeya ina malori marefu, na lori likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Ukiwa na kikinga kwenye usukani, msukumo huo utausikia zaidi mikononi. Kwenye maeneo ya wazi punguza mwendo, kaa mbali kidogo na ukingo wa lami, na usishike usukani kwa mkono mmoja.

Mzigo nao una neno. Ukipakia magunia ya viazi nyuma, uzito huhamia gurudumu la nyuma na la mbele linakuwa jepesi. Gurudumu jepesi mbele pamoja na upepo wa ubavuni ni mchanganyiko mbaya hata bila kikinga. Siku za mzigo mkubwa na upepo mkali, ni afadhali kukifungua. Kwa klampu na bolti tulizoeleza ni kazi ya dakika chache.

Kukitunza

Mwagia maji kwanza vumbi liondoke, kisha osha kwa sabuni na kitambaa laini. Kufuta vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa. Gerejini wengi wana tabia ya kusafisha kila kitu kwa petroli. Wakataze. Petroli, tina na mafuta ya breki huidhoofisha plastiki, hasa polikabonati, na nyufa ndogo zitajitokeza kuzunguka bolti. Ukiona ufa, toboa tundu dogo mwisho wake ili usiendelee, na panga kubadilisha. Ufa ukiwa umefika ukingoni, kiondoe leo.

Na kama pesa haipo

Si kila mtu atafunga kifaa hiki mwezi huu. Koti la mvua lililovaliwa juu ya sweta huzuia upepo kupenya. Magazeti au boksi jembamba lililowekwa kifuani ndani ya koti ni ujanja wa zamani unaofanya kazi. Glovu nene zisizokunyima kuhisi breki zina faida kubwa kuliko kioo. Na kupunguza mwendo kutoka 60 hadi 45 hupunguza nguvu ya upepo karibu nusu, bila kununua chochote.

Ukiamua kufunga, mpe fundi wako makala hii aisome kwenye simu kabla ya kuanza, au msomee sehemu ya vipimo. Fundi mzuri hatachukia kuulizwa. Akikuambia vipimo hivyo ni kupoteza muda, mshukuru, ondoka na pikipiki yako, na utafute mwingine.